Vifundo vya Uzi wa Kijani

Nasim mwanangu,

Barua huanza kwa kuulizana hali, lakini nikuulize hali vipi wakati nakusikia hapo juu ya kichwa changu unaburuta sanduku? U mzima, nakusikia. Mimi pia mzima, ila mwandiko unacheza kidogo, usije ukafikiri ni uzee. Tangu bibi yako afariki huko Tanga sijamwandikia mtu barua, na shule yangu unaijua, iliishia darasa la nne. Kiingereza changu ni cha sokoni na cha ndani ya basi. Kikachi chetu cha nyumbani tunakisema tu, hakuna aliyenifundisha kukiandika. Basi nakuandikia Kiswahili, maana ndicho mwalimu alichonitia mkononi, na wewe ulijifunza kukisoma kwa kunisomea barua za bibi yako, umekaa juu ya meza ya jikoni unaning'iniza miguu. Ulikuwa unanisomea Kiswahili, nikikuuliza umeelewa, unanijibu kwa Kiingereza. Na hii isome vivyo hivyo. Jibu utakavyo.

Sitaandika habari za koti, wala chakula, wala sala. Hayo nimekwambia wiki nzima mpaka umeziba masikio. Nataka kuandika jambo moja ambalo sijakwambia kwa mdomo, kwa sababu najijua, nikilianza kwa mdomo nitaligeuza katikati nikuulize kama umeweka soksi.

Ni habari ya baba yako, na kwa nini hasemi na wewe.

Juzi tulipokuwa tunaosha vyombo uliniambia baba anaiona kazi yako mpya kama umekwenda kuposwa na adui. Nikacheka, ukacheka, halafu tukanyamaza wote wawili kwa sababu alikuwa kwenye ngazi. Lakini si hasira, Nasim. Hasira ya baba yako naijua miaka mingi, inakwisha ukimpa chai. Hii ni aibu. Na nusu ya aibu hiyo ni yangu mimi, ndiyo maana nimekaa hapa na kalamu.

Nianzie Tanga, maana wewe Tanga unaijua kwa picha tu.

Baba yako alikuwa fundi katika gereji ya magari ya Kimarekani. Mameneja wa mashamba ya mkonge ndio waliokuwa nayo, magari marefu, kona ya barabara ya sokoni yalikuwa hayaikati kwa mara moja, lazima yarudi nyuma kidogo kwanza. Mjomba wake alipoleta posa kwetu hakutaja ukoo wala dini. Alisema, "Kijana anatengeneza magari ya Wamarekani," na baba yangu akaagiza sherbeti. Ilikuwa kama kusema kijana ni daktari.

Halafu karani mmoja wa posta akanunua gari la Kijapani. Dogo, jeupe, lina sura ya kushangaa. Siku alipolileta gerejini kujaza upepo mafundi wote walitoka kuliangalia. Baba yako na mwenzake walilishika nyuma wakaliinua kwa mikono, karani yumo ndani, wakamuuliza hili linakunywa petroli au maziwa. Alinisimulia jioni ile huku anacheka mpaka machozi. Yule karani akaenda nalo Dar es Salaam na kurudi, njia ile mbovu, akaenda tena, na gerejini hakurudi ila kusalimia. Kila akipita nilikuwa namwambia baba yako, rafiki yako wa maziwa bado anaendesha. Ananijibu, ni bahati. Bahati hiyo ilidumu mpaka tulipoondoka.

Tuliondoka baada ya nyumba ya babu yako kuchukuliwa na serikali. Tulikuwa na paspoti za Kiingereza na masanduku matatu, na moja kati ya hayo matatu lilikuwa la spana. Nilimlilia aniachie nafasi ya cherehani yangu. Akasema huko cherehani zipo, lakini spana hizi mkono wangu umezizoea. Wewe ulikuwa tumboni, miezi minne.

Hapa tulipanga chumba kimoja Walthamstow, nyuma ya soko, watu wengine wa Tanga wametuzunguka, kila mtu anakohoa. Baba yako alizunguka wiki nyingi kutafuta kazi. Siku moja akapanda treni kwenda kwa mtu Barking, akapitiliza kituo, na dirishani akaona kiwanda kikubwa kando ya mto, na juu yake jina lile lile lililokuwa kwenye kibao cha gereji yetu. Nasim, alirudi nyumbani analia. Katika nchi hii yenye baridi, ambayo hata mbwa alikuwa anatuangalia kama tumeiba, alikuta kitu kimoja kinachomjua. Nakwambia hili ili uelewe. Wewe unaona kampuni. Yeye aliona mtu wa kwao.

Walimchukua. Kwanza alikuwa anafunga viti kwenye mkanda unaosogeza magari, gari linakuja, anaingiza kiti, anakaza nati nne, linakwenda, linakuja lingine.

Mimi nilipokuachisha ziwa nikapata kazi kwenye karakana hapa hapa Walthamstow, tukishona kava za viti vya magari. Sikujua zinakwenda wapi. Siku moja nikaona anwani kwenye boksi, nikaisoma herufi kwa herufi, ni kile kiwanda cha baba yako. Hebu fikiri. Mimi nashona, vitu vinavuka mji, vinamfikia yeye. Tulikuwa na zamu tofauti, yeye usiku mimi mchana, wiki nzima tunaonana mlangoni tu, mmoja anavaa koti mwingine anavua. Basi nikaanza kufunga kifundo kidogo cha uzi wa kijani, chini kabisa ya kava, ndani, mahali ambapo mtu haoni mpaka akigeuze kiti. Sikumwambia. Siku ya tatu akaja, mimi nafunga kitambaa cha kichwa nitoke, akanambia, "Mama Nasim, jana usiku nimekukuta mara saba."

Ukiniuliza wakati wangu mzuri katika nchi hii, ni huo. Wala si nyumba hii tuliyonunua.

Mambo yalianza kuharibika pole pole. Baba yako akapandishwa, wakamfanya mkaguzi mwisho wa mkanda, na koti la kijivu lenye mfuko, na chaki ya njano ya kuwekea alama penye kosa. Ile picha iliyo juu ya televisheni, amesimama kama mbunge, ni ya siku hiyo. Nilituma moja Tanga. Lakini wakati huo huo magari ya Wajapani yalikuwa yanaanza kuonekana mitaani huku, na kule kiwandani na kwetu karakanani neno likawa moja, haraka, haraka, na rahisi. Kitambaa kikawa chepesi. Halafu wakabadilisha uzi.

Mimi ni mtoto wa fundi cherehani, hata kama sikusoma. Ule uzi nilipoushika tu nilijua. Unang'aa vizuri, lakini ukiuvuta kwa kidole gumba unakatika kama umelowa. Nikamwonyesha mwenzangu wa mashine ya pembeni, Doreen, mwanamke wa Kiingereza, mtu mzuri, alikuwa ananiletea keki siku za sikukuu zetu na anakosea tarehe. Akaniambia waache, mpenzi, kiti si chetu. Lakini roho yangu ilikataa. Usiku nikatunga sentensi moja ya Kiingereza, ya kumwambia msimamizi kwamba uzi huu mbovu, mishono itafumuka. Nikaisema jikoni. Nikaisema kwenye basi, midomo inakwenda, mzee mmoja akahama kiti. Nikafika, nikasimama mbele ya meza yake na kipande cha uzi mkononi. Akainua kichwa akaniuliza nataka nini.

Nikaomba sindano.

Akanipa pakiti ya sindano, nikashukuru, nikarudi kwenye mashine yangu nikashona kwa uzi ule ule.

Kwa nini, utaniuliza. Nimejiuliza mimi mwenyewe miaka kumi. Sisi tuliofika wakati ule tulikuwa tunafundishana jambo moja kila tulipokutana, msikitini, kwenye matanga, kwenye foleni ya mchele: usijulikane. Fanya kazi, pokea, nyamaza, wasijue jina lako. Kule nyumbani walijua majina yetu na nyumba zetu, na umesikia ilivyokuwa. Basi hapa tukawa watu wasio na neno. Na tulijisifu kwa hilo. Tulisema Waingereza wanalalamika na kugoma, sisi hatulalamiki. Tulidhani ni adabu.

Na wewe nilikulea hivyo. Ulipoandikiwa alama zisizo zako shuleni ukataka niende nikaseme, nikakwambia nyamaza, zitapita. Ulikuwa na miaka tisa. Uliniangalia kwa namna ambayo mpaka leo nikikumbuka nashika kazi yoyote iliyo karibu.

Sasa lililo gumu zaidi.

Kila kava ilikuwa na kikaratasi chenye namba ya mashine. Mkaguzi akitia chaki kwenye mshono, kiti kinatolewa, kava inarudi karakanani, na mwenye namba anaitwa. Ukiitwa mara tatu, kazi huna. Baba yako ndiye aliyekuwa na chaki. Na mimi, mjinga, niliendelea kufunga vifundo vyangu vya kijani.

Jumamosi moja nafua lile koti la kijivu. Nikatia mkono mfukoni kutoa chaki isiyeyuke, nikatoa vifundo vya uzi wa kijani. Vilikuwa vitano au sita. Vimekatwa kwa kisu, vizuri, kila kimoja na mkia wake.

Nilikaa chini kwenye sakafu ya bafu. Nilielewa pale pale. Alikuwa anakuta viti vyangu, mishono imeanza kuachia, na badala ya kutia chaki alikuwa anakata kifundo kisije kikanitaja na kuliacha gari liende. Mtu yule, Nasim, ambaye Tanga alimrudisha meneja wa shamba mara mbili kwa sababu ya mlio aliousikia yeye peke yake. Aliacha kusema kwa ajili yangu, kama mimi nilivyoacha kusema kwa ajili ya kazi. Nikavirudisha mfukoni, nikalitundika koti bila kulifua. Jumatatu sikufunga kifundo. Sikufunga tena. Yeye hakuniuliza mbona sikukuti siku hizi. Mimi sikumuuliza mbona koti halijafuliwa. Tukaendelea kula pamoja.

Bwana Karim unamkumbuka, yule wa Tanga aliyehamia Stanmore, mwenye duka la dawa, aliyekuwa anakuvuta mashavu. Alinunua gari jipya la kiwanda cha baba yako. Alikuja hapa kuuliza kwanza. Baba yako alimwambia chukua, macho yangu yamelipitia, na mke wangu ndiye aliyeshona unapokalia. Alilisema kwa sauti, mbele ya watu, na mimi nikaleta bajia.

Halikumaliza mwaka. Walikuwa wanakwenda harusini, mkewe amevaa sari ya rangi ya zafarani, mpya, na mshono wa kiti ukapasuka chini yake, ukatoa waya na sponji. Sari ikachanika kutoka hapa mpaka hapa. Aliingia harusini amejifunga shali ya mwanawe kiunoni. Watu wa Stanmore walicheka kwanza, halafu wakaanza kuuliza gari gani.

Bwana Karim hakuwa mtu wa kelele. Alikuja Jumapili, akanywa chai, akatoa kipande cha kava kwenye mfuko wa plastiki akakiweka mezani. Upande wa chini kulikuwa na kifundo cha kijani. Kimoja kilimpita baba yako.

"Fundi," akasema, "hii ni nini?"

Baba yako akakiangalia. Mimi nimesimama na birika.

"Sijui," akasema. "Takataka za kiwandani."

Nikamimina chai. Nilimimina mpaka ikajaa kisahani.

Bwana Karim akanunua gari la Kijapani. Sikukuu iliyofuata alikuja nalo msikitini, sikukuu ya baada yake yalikuwa manne, halafu sikuhesabu tena. Baba yako alikuwa akihesabu. Ungemwona anavyotembea pembezoni mwa barabara baada ya sala, mikono nyuma, anasalimia watu huku anasoma majina nyuma ya magari. Watu wetu ni hao hao, akinunua mmoja na asiharibikiwe, wananunua wote. Na hawakurudi, kama yule karani wa posta.

Mengine unayajua, ulishakuwa mkubwa. Zamu ya usiku ikafutwa. Karakana yetu ikafungwa siku moja ya Ijumaa, Doreen akanipa mkasi wake. Halafu wakamwita baba yako na wenzake, wakapewa mkono wa kwaheri na saa ya mezani. Tangu hapo Mjapani ndiye mwenye makosa yote katika nyumba hii. Televisheni ikionyesha, anazima. Na mimi sikumsahihisha. Nilikuwa najua hakuna Mjapani aliyeshona kile kiti. Lakini ningesemaje?

Sasa fikiria ile jioni uliporudi kutoka kwenye usaili wako katika kiwanda cha Wajapani huko kaskazini. Umefurahi, hujavua hata viatu, unatusimulia kwa Kiingereza chako cha mbio. Baba yako alikuwa anakusikiliza, Nasim. Hukumwona, mimi nilimwona. Alikuwa amekasirika kwa mdomo, lakini alikuuliza habari za mashine, alikuuliza vipimo. Alikufundisha spana kabla hujajua kufunga vifungo vya shati, asingeweza kutouliza. Halafu ukatuambia habari ya ile kamba. Kwamba huko juu ya mkanda kuna kamba, na mfanyakazi yeyote, hata mgeni wa juzi, akiona kosa anaivuta, mkanda wote unasimama, na mkubwa anakuja kumuuliza kuna nini, na hagombezwi.

Baba yako akaweka chapati chini. Akasema, "Sasa hayo magari wanayamaliza lini?" Akainuka. Tangu saa ile hajasema na wewe.

Hukumuudhi kwa Wajapani, mwanangu. Ulimuumiza kwa kamba. Na mimi umeniumiza, lakini mimi ni mama, naweza kuumia huku nakaanga.

Sikwambii Wajapani ni malaika. Sijui. Labda hiyo kamba wanaionyesha siku ya usaili tu. Na Wamarekani nao sisi tuliwaona hawaanguki, tulidhani ni kama jua. Labda iko siku na hao watabadilisha uzi. Sidhani hata kama utafurahi huko, watu hawakujui, na baridi yake wanasema ni mara mbili ya hapa. Nikisema ukweli, ningependa usiende. Sijui kukudanganya kwenye karatasi.

Lakini siku utakayoshika kitu mkononi ukajua kibovu, na mkubwa akainua kichwa akakuuliza unataka nini, utatafuta kitu kidogo cha kuomba ili uondoke pale. Naujua woga huo, umeurithi kwangu, nilikupa mwenyewe ukiwa na miaka tisa. Usiombe sindano, Nasim. Hata kama hakuna kamba. Sema Kiingereza chako ulichonacho, ambacho mimi sikuwa nacho, na wakikuchukia rudi, chumba chako sitampangisha mtu.

Nilitaka kumalizia hapo.

Baba yako amerudi kutoka sala ya Magharibi msikitini, amenikuta bado naandika. Akakaa bila kuvua kofia. Akauliza naandika nini kirefu hivyo, nikaogopa, nikataka kusema orodha ya soko. Halafu nikaona haya, baada ya kukuandikia wewe yote hayo. Nikamsomea. Yote, tangu mwanzo, hata ile ya bafuni. Alikuwa anaangalia kitambaa cha meza. Nilipofika kwenye vile vifundo vitano au sita akanyanyua mkono kidogo, kama zamani alipokuwa anasikiliza injini, halafu akaniacha niendelee mpaka mwisho.

Kisha akasema, "Kumi na kimoja."

Nikamwambia mimi niliviona vitano au sita tu.

"Vingine nilivitupa mtoni. Mwandikie kumi na kimoja."

Akapanda ngazi. Nilimsikia akisimama katikati, nikafikiri anaingia chumbani kwako. Akasema kutoka pale pale alipo, si kwa sauti kubwa, "Na cha Karim."

Kisha mlango wake.

Pale juu sikufuta, nimeacha vitano au sita kwa sababu ndivyo nilivyojua mimi. Kesho sijui kama atashuka ukiondoka. Nilimfuata kumuuliza, amegeukia ukutani. Usimgongee. Usimsubiri hata treni ikakuacha. Lakini alitaka uandikiwe hesabu kamili, mtu ambaye kwa miaka yote hii alisema hajui. Ni viti kumi na viwili. Hayo ndiyo maneno aliyonayo kwako, ondoka nayo.

Mama yako